Bango Juu ya Mzee Minko

Kila asubuhi Kalina alifungua bomba la jikoni, akaona maji yakitoka na rangi ya chai hafifu, akalifunga. Alipiga mswaki kwa maji ya dumu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na tangu apate akili hakuwahi kumwona mtu wa mji wa Brestak akinywa maji ya bomba bila kuyakagua kwanza kwenye glasi. Baada ya mswaki alikula mkate na jibini, akashuka ngazi mbiombio, kisha akaitwa arudi kuchukua skafu. Kila siku aliisahau, na kila siku aliitwa.

Aliyemwita alikuwa shangazi yake, Snezhana Taleva. Mama yake Kalina alikuwa Hispania akiwatunza wazee wa watu wengine, na baba yake, dereva wa lori, alionekana nyumbani siku za sikukuu tu. Kwa hiyo shangazi na mpwa waliishi wawili tu, ghorofa ya nne, katika jengo lililokuwa likibambuka rangi kila mvua iliponyesha.

Shangazi Snezhana alikuwa na kazi tatu, na mji mzima ulizijua. Kwanza, alikuwa mtafiti wa roboti katika chuo cha ufundi. Alikuwa ametengeneza roboti ndogo yenye urefu wa mkono, magurudumu ya mpira na taa usoni, inayotambaa ndani ya mabomba ya maji na kupiga picha. Aliiita Fuko. Pili, aliandika mashairi. Hayakuchapishwa vitabuni, yalibandikwa barabarani. Kule kwao mtu akifa, ndugu huchapisha karatasi yenye picha yake na maneno machache, wakaibandika mlangoni, kwenye nguzo na kwenye ubao wa kituo cha basi. Siku arubaini zikitimia hubandika nyingine, na nusu mwaka nyingine, na mwaka nyingine. Waliofiwa walimjia Shangazi jioni, wakaketi jikoni na kulia kidogo, naye akawaandikia ubeti mmoja bila kuchukua chochote.

Kazi ya tatu ilikuwa mpya, na kusema kweli hakuipenda. Mwaka ule aligombea umeya.

Aliingia katika siasa kwa sababu ya Fuko. Fuko alipita ndani ya bomba la maji la shule na kurudi na filamu ya kutisha. Bomba lilikuwa la risasi, ile madini yenye sumu, la zamani kuliko shule yenyewe, na viungo vyake vyote vya chuma vimeliwa na kutu. Watoto walikuwa wakiugua matumbo miaka nenda miaka rudi, na watu wakisema ni pipi. Shangazi alimpelekea meya ile filamu. Meya aliitazama dakika mbili, akacheka, akasema mama huyu mshairi amejitengenezea katuni nyumbani. Shangazi alirudi amekunja uso, akala supu yake ya maharage bila kusema neno, na kesho yake akaenda kuchukua fomu.

Jumanne ya wiki ya mwisho kabla ya uchaguzi, Kalina alimkuta Shangazi jikoni akikoroga sufuria.

"Shangazi, huo ni uji au gundi?"

"Ni gundi ya unga. Ukitaka kuionja, onja, lakini usije ukalia mdomo haufunguki." Alimpa ndoo, brashi na mabango thelathini yenye picha yake. "Bandika kuanzia hapa mpaka kituo cha basi. Ya meya, mpinzani wangu, usiyafunike, sheria inakataza. Na matangazo ya misiba usiyaguse kabisa. Nafasi ikikosekana, rudi na mabango. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Hebu rudia."

"Misiba nisiguse. Jamani, Shangazi, mimi si mtoto!"

Mvua ya Oktoba haikuwa kubwa, ila ilikuwa ya baridi, ile inayoingilia shingoni. Kalina alibandika ishirini na sita bila tatizo. Alipofika kituo cha basi, vidole vilikuwa vimekufa ganzi na gundi imeanza kuganda. Mabango manne yalibaki. Ubao wa kituo ulikuwa umejaa. Upande wa kushoto ulikuwa na uso wa meya mara sita. Upande wa kulia walipangwa marehemu.

Alisimama akiwatazama. Wengine walikuwa wamepauka mpaka hawatambuliki. Mmoja alikuwa mpya, Mzee Minko, fundi wa maji wa mji, aliyekufa mwezi uliopita. Alikuwa akitabasamu ndani ya kofia yake ya kazi, na chini yake ulikuwepo ubeti ambao Kalina aliusikia ukiandikwa pale jikoni kwao:

*Ulishuka kwenye tope, nasi maji tuyapate,*
*Ukapanda na baridi, asante usiipate.*
*Leo umeshuka tena, hurudi hata tuite,*
*Pokea yetu asante, imechelewa, ipate.*

Kalina alijiambia kwamba mabango manne si kitu. Alijiambia kwamba waliokufa hawatamlalamikia mtu. Akachovya brashi, akapaka gundi, akabandika manne yote kwa mstari juu ya marehemu, akakimbia nyumbani.

"Yamekwisha?" Shangazi aliuliza.

"Yote."

"Mtoto mzuri. Njoo uote moto."

Asubuhi ya Jumatano, Kalina akienda shule, alimwona mwanamke amepiga magoti kwenye benchi la kituo, uso ukielekea ubaoni. Alikuwa Bi Ginka, mjane wa Mzee Minko. Kando yake palikuwa na beseni la maji ya moto yakitoa mvuke, na mkononi alishika kijiko cha chai. Alikuwa akiukwangua uso wa Shangazi Snezhana, kidogo kidogo, ili amfikie mumewe.

"We binti," Bi Ginka aliita bila kugeuka vizuri, "hebu nishikie hapa. Mikono yangu inatetemeka."

Kalina alishika. Angefanya nini? Alishika ukingo wa bango huku Bi Ginka akilowesha na kukwangua.

"Kila siku nikienda kununua mkate namsalimia hapa," Bi Ginka alisema. "Habari za asubuhi, Minko. Watu wananiona kichaa, waache wanione. Leo nimekuja, nimesema habari za asubuhi, kumbe namsalimia Taleva." Alivuta pumzi. "Yeye mwenyewe ndiye aliyemwandikia shairi. Alilia na mimi. Sasa anamkalia usoni ili apate kura."

"Pengine... pengine hakujua, Bi Ginka."

"Bango lake asilijue?"

Karatasi ililainika, ikaachia ghafla, na uso wa Mzee Minko ukatoka nayo nusu. Likabaki jicho moja na kofia. Bi Ginka alikitazama kile kijiko kama vile ndicho chenye kosa. Hakulia. Alimwaga maji yake barabarani, akachukua beseni akaenda, na mkate hakununua siku ile.

Kalina alisimama pale akitamani ardhi ipasuke. Maneno mawili tu, "ni mimi," hakuyasema. Kengele ya shule ilipolia alikuwa bado amesimama.

Hadi saa sita mchana mji wote ulikuwa na habari. Taleva anafunika maiti zetu. Mama mmoja kwenye duka la mikate alirudisha bango la Shangazi lililokuwa dirishani. Shangazi alipopigiwa simu na redio ya mji, jioni, alikuwa na hasira hata hakuketi. Alisema hao ni watu wa meya. Alisema mabango yake mengine yalikuwa yamewekwa duka la mikate yagawiwe, mtu yeyote angeweza kuyachukua, na mwenye kutaka kumchafua amechukua manne akaenda kutukana wafu kwa jina lake. Kalina alikuwa pale pale jikoni akimenya viazi. Aliendelea kumenya.

Shangazi hakutaja mtu. Mji ndio uliotaja. Mzee Rangel, mtunza funguo na msafishaji wa shule, alikuwa akimbandikia meya mabango kwa malipo ya kujikimu, na Jumanne ile alionekana kituoni na ndoo. Tena alikuwa mtu wa kupiga chupa, na mlevi ni rahisi kusingiziwa, kwa kuwa hata yeye mwenyewe hana uhakika. Alhamisi wanafunzi walimzomea uwanjani: "Rangel mfukua makaburi!" Aliendelea kufagia majani. Mchana mwalimu mkuu alimwita ofisini, na alipotoka alimwambia mpishi wa shule, Kalina akisikia, "Ameniambia nirudishe funguo kesho saa kumi na moja, kazi imekwisha. Miaka kumi na tisa, dada yangu. Sijui nitakwenda wapi na baridi hii."

Usiku huo Kalina hakula. Shangazi alimgusa paji la uso, akasema ni maji, ni haya haya maji, na akazidi kumchukia meya.

Ijumaa baada ya masomo, Kalina alikwenda chuo cha ufundi, kwenye karakana ya chini ambako Shangazi alikuwa akimwandaa Fuko kwa mkutano wa mwisho. Jioni ile angeonyesha filamu mbele ya watu wote katika jumba la utamaduni. Jumamosi kampeni zinakatazwa, Jumapili ni kura.

"Shangazi, si Mzee Rangel."

"Si Rangel nini?"

"Aliyebandika. Ni mimi."

Shangazi aliweka bisibisi mezani. "Rudia."

Kalina alirudia. Alisema mvua, alisema vidole, alisema mabango manne. Kila alichosema kilionekana kidogo na cha kijinga, na alijichukia kwa kila neno. Shangazi hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu angepaza.

"Juzi nilipoongea na redio ulikuwa unamenya viazi."

"Ndiyo."

"Ukanisikia nikisema ni wao."

"Ndiyo, Shangazi."

"Ukaendelea kumenya."

Kalina alianza kulia. Shangazi alikaa juu ya kiti cha mbao, mikono magotini. Kwenye skrini picha za Fuko zilikuwa zikijirudia zenyewe, bomba jeusi, kutu, kiungo kilichooza, bomba jeusi tena.

"Ungeniambia Jumatatu," Shangazi alisema mwishowe, polepole, kama mtu anayejisemea. "Jumatatu kura zimekwisha hesabiwa. Mabomba yangekuwa mikononi mwetu. Ningekwenda kwa Ginka, ningekwenda kwa Rangel, ningewapigia magoti."

"Kwa hiyo nisiseme mpaka Jumatatu?"

Shangazi aliishika bisibisi, akaiweka tena mezani.

"Mzee Rangel anarudisha funguo leo saa kumi na moja," Kalina alisema.

Shangazi aliitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na robo. Kisha akasimama, akaizima skrini.

"Nimetumia miaka minane kutengeneza kitu kinachosema kilichoona, hata kama hakinifurahishi," alisema. "Sasa nataka watu wakiamini huku mimi nawaficha. Vaa koti lako."

Walipita kwanza shuleni. Kilichosemwa ofisini kwa mwalimu mkuu kilikuwa kifupi, na Mzee Rangel alitoka na funguo zake mfukoni. Hakumtazama Kalina. Lakini jioni, ukumbi ulipojaa, alikuwa ameketi safu ya nyuma, na Bi Ginka ameketi safu ya tatu, kitambaa cheusi kichwani.

Shangazi alipanda jukwaani bila Fuko.

"Kabla ya filamu," alisema, "mabango yaliyowafunika marehemu wenu yalibandikwa na watu wangu. Si watu wa meya. Mimi nilisema redioni jambo ambalo sikuwa na hakika nalo, kwa sababu lilinifaa. Mzee Rangel ameonewa kwa ajili ya maneno yangu. Naomba msamaha kwake, kwa Bi Ginka, na kwa familia nyingine tatu."

Ukumbi ulichafuka.

"Kumbe roboti nayo inasingizia watu!" mtu alipiga kelele.

"Na ile kutu, mama, nani kaibandika?" Watu wakacheka vibaya.

"Mna haki ya kuuliza," Shangazi alisema.

Kalina alisimama. "Ni mimi niliyebandika. Shangazi alinikataza. Nilisikia baridi nikataka kwenda nyumbani. Bi Ginka, ulinipa bango nishike, nikashika, nikanyamaza. Mzee Rangel, walikuzomea nikanyamaza. Nisameheni."

Mzee Rangel alikohoa. "Miaka sita nafagia matope ya viatu vyako," alisema, "na sijakushitaki hata siku moja. Haya, keti. Umesema."

Bi Ginka alisimama pia. Kila mtu alidhani atasema. Alikaza kitambaa chake, akapita kati ya viti, akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake. Shangazi alionyesha filamu. Nusu ya watu walikuwa wamekwisha ondoka.

Jumapili Shangazi alishindwa kwa kura arubaini na moja. Walizihesabu mara mbili. Usiku huo hakumlaumu Kalina, wala hakumkumbatia. Alikunja mabango yaliyobaki, akayafunga kwa kamba, akayaweka juu ya kabati. Kalina alilala akijua ni nani aliyezipoteza zile kura, na hakuna mtu aliyemwambia si yeye.

Jumanne, mlango uligongwa. Alikuwa Bi Ginka, na kitu kilichofungwa kwa gazeti.

"Minko hakuwa na mashairi," alisema akiwa bado mlangoni. "Yeye aliandika mabomba tu."

Lilikuwa daftari nene, limechafuka kwa tope na mafuta. Ndani yake Mzee Minko alikuwa amechora kila bomba la Brestak, mtaa kwa mtaa, kwa miaka thelathini. Ya risasi aliyapaka rangi nyekundu. Karatasi ya shule ilikuwa nyekundu yote.

Shangazi alilifungua akakaa chini pale pale penye ngazi.

"Meya alituma mtu kulitaka wiki iliyopita," Bi Ginka aliendelea. "Nilikuwa nimeshalifunga hivi hivi nimpelekee, kwa hasira niliyokuwa nayo na wewe. Lingekwenda jikoni kwake kuwashia moto. Halafu Ijumaa nikakusikia. Kura sikukupa, nisikufiche, moyo ulikuwa haujapoa. Lakini mtu anayejiharibia kwa ajili ya karatasi ya mume wangu, daftari lake akae nalo."

Shangazi alilipeleka mkoani pamoja na filamu. Wakaguzi walikuja wakachimba mahali ambapo rangi nyekundu ya Mzee Minko na picha ya Fuko vilikutana, na walikuta kile kile vilichosema. Meya hakuwa na cha kucheka tena. Kabla majira ya baridi hayajaisha, bomba la shule lilibadilishwa, na ya mitaa mitatu. Mingine inangoja mpaka leo. Nyumbani kwa kina Kalina maji bado yana rangi ya chai.

Machi, nusu mwaka wa Mzee Minko ulipotimia, Bi Ginka alimngojea Kalina kituo cha basi. Alikuwa na tangazo jipya, pini nne, na bakuli la ngano ya kuchemsha yenye sukari na kokwa za jozi, ile inayotolewa kwa ajili ya marehemu. Shangazi Snezhana alikuwa naye.

"Mbandike wewe," Bi Ginka alisema. "Umnyooshe vizuri."

Kalina alimnyoosha. Ubeti ulikuwa ule ule, Bi Ginka hakutaka mwingine. Pini ya mwisho ilikataa kuingia, na Kalina akaibonyeza mpaka kidole kikauma.

"Bado unahesabu zile kura?" Shangazi aliuliza kwa sauti ndogo.

Kalina aliitikia kwa kichwa.

"Nami nazihesabu, sitakudanganya. Lakini nisikilize. Siku ile Bi Ginka alipokuomba umshikie bango, ungesema pale pale ni wewe, ungekuwa na kosa la karatasi nne. Ulipokaa nalo, likamfikia Rangel, likanifikia mimi, likakaribia kuyafikia maji ya mji mzima. Kosa likisemwa mapema hubaki na ukubwa wake. Kwa hiyo useme mapema, Kalina. Na ukichelewa, useme vivyo hivyo."

Bi Ginka alimpa kijiko cha ngano. Kilikuwa kijiko kile kile cha chai. Kalina alikipokea kwa mikono miwili, akasema, "Mungu amrehemu," akala.

Kisha akamtazama mzee aliyetabasamu ndani ya kofia yake ya kazi.

"Habari za asubuhi, Mzee Minko," alisema, na Bi Ginka akamshika bega.